Njia ya Meli ya Nchi Tatu: Historia ya Uokoaji katika Ziwa Victoria

Upo msemo unaotumika sana kila chombo kinapozama: ajali haina kinga. Msemo huu huwafariji waliofiwa, na kwa kazi hiyo hauna ubaya. Lakini ukiingia katika kambi ya jeshi, katika kituo cha polisi au katika ofisi ya bandari, hugeuka kuwa kisingizio. Historia ya usafiri katika Ziwa Victoria, ziwa linalotuunganisha na majirani zetu wa Kenya na Uganda, inaonyesha kwamba ajali ni jambo moja, na vifo vinavyoifuata ni jambo jingine. Kati ya saa chombo kinapopinduka na saa mtu anapokata roho kuna muda. Muda huo huweza kuwa dakika chache, huweza kuwa saa kadhaa, na mara moja ulikuwa siku mbili. Mipango ya uokoaji ni maandalizi ya kuutumia muda huo. Asiyeandaa lolote kabla, muda huo ukimfikia hubaki amesimama ufukweni akitazama.

Mazungumzo haya yanawahusu hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi. Sheria na mikataba hutiwa saini katika miji mikuu, lakini siku ya msiba wanaoitwa ni wao: polisi wa kikosi cha wanamaji, askari wa zimamoto na uokoaji, mwanajeshi mpiga mbizi, na koplo wa zamu anayeinua simu saa tisa za usiku. Yafaa basi waijue historia ya maji wanayoyalinda.

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Tanzania inamiliki karibu asilimia 51 ya eneo hilo, Uganda asilimia 43, na Kenya asilimia 6. Kina chake hakizidi sana mita 80, nacho si kikubwa kwa ziwa la ukubwa huo. Wageni hudhani kwamba ziwa lisilo na kina kirefu ni ziwa pole. Wenyeji wanajua vingine. Wakati wa mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, zikainua mawingu mazito ya mvua na radi. Kwa hiyo dhoruba kali huzuka usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mashirika ya misaada yamekadiria kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji katika ziwa hili kila mwaka. Ni makadirio tu, kwani wengi wa marehemu hao ni wavuvi na wasafiri wa mitumbwi ambao majina yao hayakuandikwa popote walipoondoka, wala hayakuandikwa popote walipokosa kurudi.

Meli za mvuke ziliingia katika ziwa hili pamoja na reli ya wakoloni. Meli ya kwanza ya Waingereza, William Mackinnon, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa huko. Ilishushwa majini mwaka 1900. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Zikafuata meli za Winifred na Sybil, kisha Clement Hill mwaka 1907, na baada yake Usoga na Rusinga, karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa njia hii bandari za Kisumu, Jinja, Port Bell, Entebbe, Bukoba, Mwanza na Musoma zikafungwa pamoja kwa kamba moja. Pamba, kahawa na ngozi zilitoka, nguo na mabati yakaingia.

Katika miaka hiyo ya mwanzo uokoaji ulikuwa kazi ya mwenye meli, na kilichookolewa kwanza kilikuwa meli yenyewe. Mwezi Novemba 1914, vita vikiwa vimeanza kati ya Waingereza na Wajerumani, meli ya Sybil iligonga mwamba katika mwambao wa Majita, uliokuwa chini ya Wajerumani, ikalazimika kupandishwa ufukweni na kuachwa. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi na silaha na mafundi, wakaielesha na kuondoka nayo. Askari watalielewa tukio hilo kwa urahisi. Jeshi lililoona kwamba chombo kile kina thamani liliweka mpango, likatafuta meli nyingine za kukivuta, likatuma ulinzi, likafaulu. Swali linalotufaa leo ni kwa nini bidii ya namna ile ilichukua miaka mingi sana kuelekezwa kwa abiria wa daraja la tatu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na meli za ziwani zikawa chini ya uongozi huo. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Katikati ya miaka ya 1960 zikaja Uhuru na Umoja, meli za kubebea mabehewa ya reli, ambazo majina yake yanatosha kueleza fikra za wakati ule. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulikuwa na faida moja ambayo haikuonekana mpaka ilipopotea. Nahodha aliyepata matatizo katika maji ya nchi yoyote kati ya zile tatu alikuwa anaita ndugu zake wa shirika moja, wenye karakana zinazojuana na wakubwa wanaojibu kwa ofisi moja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, vita vikapiganwa mpaka mwaka 1979. Meli ziligawanywa: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Uganda ikalazimika kujitafutia meli zake yenyewe, nazo zikaja katika miaka ya 1980 kwa majina ya Kabalega, Pamba na Kaawa. Ugomvi wa kugawana mali ulijadiliwa kwa miaka. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwekwa katika orodha yoyote ya mali: wajibu wa kumwokoa mtu anayezama karibu na mpaka. Jambo hilo halikupewa nchi yoyote, na kwa hiyo kila nchi ilibaki na chake kadiri ilivyoweza.

Mwaka 1979 ulileta mambo mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Mwezi Aprili mwaka huo, katika mji wa Hamburg, mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji majini, ulioanza kutumika mwaka 1985. Msingi wa mkataba ule ni mwepesi kuueleza: kila eneo la bahari liwe na kituo kinachojulikana, chenye watu wa zamu usiku na mchana, na nchi jirani zikubaliane mapema jinsi ya kusaidiana. Lakini mkataba ule ulitungwa kwa ajili ya bahari. Maziwa yaliachiwa nchi zinazoyazunguka. Na mwezi Julai mwaka huo huo, mjini Mwanza, ilishushwa majini meli mpya ya Tanzania yenye uwezo wa kuchukua abiria 430 na shehena ya tani 850. Meli hiyo ilipewa jina la Bukoba.

Hadithi ya MV Bukoba kila Mtanzania aliyekuwa na akili zake mwaka 1996 anaikumbuka. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 21 Mei. Meli ilikuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ikiukaribia mji wa Mwanza, watu wakianza kukusanya mizigo yao. Iliinama, ikapinduka. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio walikuwa wengi, hawakuwa nayo. Kwa sababu hiyo idadi ya waliokufa haikujulikana kwa hakika siku ile, na haijajulikana kwa hakika mpaka leo. Inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800, na wako wanaosema walikaribia 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi wa marehemu walizikwa pamoja Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na mnara ulijengwa hapo.

Mengi yamesemwa juu ya chanzo cha ajali ile: abiria kupita kiasi, mizigo, na udhaifu wa meli yenyewe katika kujisawazisha majini. Hayo yana uzito wake. Lakini kwa askari, somo kubwa zaidi limo katika yale yaliyotokea baada ya meli kupinduka.

MV Bukoba haikuzama mara moja. Ilielea juu chini kwa saa kadhaa, tumbo lake likionekana juu ya maji. Ndani yake kulikuwa na watu walio hai, na waliokuwa juu ya chuma walisikia wakigonga. Hapo ndipo ulipofanywa uamuzi wa kutoboa chuma ili watolewe. Tundu lilipotobolewa hewa iliyokuwa ndani ilitoka kwa nguvu, maji yakaingia mahali pake, na meli ikaenda chini na waliokuwa ndani yake.

Ndugu wasikilizaji, walioshika zana siku ile walitaka kuokoa. Hakuna sababu ya kuwashuku. Walikuwa na huruma, walikuwa na nguvu, na walikuwa na chombo cha kukatia chuma. Walichokosa ni elimu ya jambo moja: kwamba meli iliyopinduka inaelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake, na kwamba hewa hiyo hiyo ndiyo anayovuta mtu aliyefungiwa humo. Ukiitoa, umeondoa vyote viwili kwa pigo moja. Meli ya namna hiyo hushikwa kwanza. Hufungwa nyaya kwenye vyombo vingine, huwekewa maboya ya kuiinua, huvutwa taratibu kwenye maji mafupi ikiwezekana. Wakati huo wapiga mbizi huingia kwa chini, kupitia milango na madirisha, na mtu mmoja hukaa juu akigonga na kusikiliza wapi panajibu. Kukata chuma huja mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba chombo hakitazama. Maarifa haya hayakuwa siri mwaka 1996. Yalikuwa yakifundishwa katika vyuo vya wanamaji duniani. Hayakuwa yamefika Mwanza.

Wapiga mbizi wa kijeshi walikuja kutoka Afrika Kusini. Tuliwashukuru, na tunawashukuru hata leo. Lakini kutoka Afrika Kusini hadi Mwanza si safari ya saa moja. Walipofika hapakuwa na mtu wa kuokoa, kulikuwa na maiti za kutafuta. Sheria iliyokuwepo nchini kwetu wakati huo, ya mwaka 1990, ilihusu kwa jina lake lenyewe uratibu wa misaada ya maafa. Misaada huja baada ya maafa kutokea. Fikra ya kujitayarisha kabla ilichukua muda kupata nafasi yake katika sheria zetu, kwanza mwaka 2015 na tena mwaka 2022, sheria ilipoanza kuzungumzia usimamizi wa maafa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999. Mwaka 2003 nchi wanachama zilitia saini itifaki juu ya bonde la Ziwa Victoria, na kamisheni yake ikawekwa Kisumu. Mwezi Mei 2005, meli mbili za Uganda, Kabalega na Kaawa, ziligongana katika ziwa lililo pana kuliko baadhi ya nchi. Kabalega ikazama. Mwaka 2007 Jumuiya ikapitisha sheria ya usafiri katika Ziwa Victoria, yenye kuweka kanuni za pamoja za usalama wa vyombo. Kwa upande wa karatasi, nchi tatu zilikuwa zimeanza kurudi pale zilipoachana mwaka 1977.

Lakini karatasi hazielei. Tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinatoka Bugolora, upande wa Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, mahali ambapo watu waliokuwa nchi kavu waliweza kuona. Walikufa watu zaidi ya 220 na wakaokolewa 41. Hesabu hii peke yake inaonyesha kwamba walikuwemo zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa. Mashine ya tiketi iliyokuwa na idadi ya abiria ilipotea pamoja na kivuko. Miaka 22 baada ya MV Bukoba, watu walisimama tena ufukweni bila kujua wanatafuta wangapi.

Waliofika kwanza kwa ndugu zao walikuwa wananchi wa Ukara na mitumbwi yao. Giza lilipoingia kazi ya utafutaji ilisimamishwa mpaka alfajiri. Siku ya Jumamosi, tarehe 22, wapiga mbizi walimkuta fundi mmoja wa kivuko akiwa hai karibu na chumba cha injini. Alikuwa amekaa humo kwa siku mbili, akivuta hewa iliyobaki ndani ya chuma kilichopinduka. Safari hii chuma hakikutobolewa. Hewa ile ile ambayo mwaka 1996 iliachiwa ikatoka, mwaka 2018 ilimweka mtu hai hadi alipofikiwa. Tukio hili moja ni darasa kamili. Linathibitisha kwamba watu wa MV Bukoba waliogonga chuma walikuwa na muda. Na linatuuliza pia, kwa uchungu, ni wangapi wengine waliokuwa hai usiku ule wa kwanza ambao utafutaji ulisimama kwa kukosa taa na vifaa vya kufanyia kazi gizani.

Majirani zetu walipata msiba wao miezi miwili baadaye. Tarehe 24 Novemba 2018, katika wilaya ya Mukono, Uganda, boti ya starehe iliyokuwa na watu wanaokadiriwa kufikia 100 ilipinduka si mbali na ufuko. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wavuvi walikwenda mbio kuwasaidia. Lakini waliokuwa wakizama waliparamia mitumbwi yao midogo kwa wingi, na baadhi ya waokoaji wakazama pamoja nao. Hapa pana fundisho lingine kwa yeyote atakayeongoza uokoaji: mfa maji haachi kutapatapa, na atakishika chochote kilicho karibu naye, hata kama ni mwokozi wake. Mtumbwi hausogezwi katikati ya kundi. Hutupwa kwanza vitu vya kuelea, madumu matupu, maboya, mbao, kamba, kisha watu huchukuliwa mmoja mmoja kutoka pembeni. Mvuvi akifundishwa hayo kwa mchana mmoja, ataokoa watu na ataokoka yeye.

Katika mwezi huo huo wa Novemba 2018 Kenya ilizindua kikosi chake cha ulinzi wa pwani, ambacho mamlaka yake yanafika pia katika maziwa. Hiyo ilikuwa hatua njema. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa imeridhia kugharamia mradi wa mawasiliano na usafiri salama katika Ziwa Victoria. Katika mpango huo Mwanza ilichaguliwa kuwa makao ya kituo cha kanda cha kuratibu utafutaji na uokoaji. Kuanzia mwaka 2017, Shirika la Hali ya Hewa Duniani na mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu ziliendesha mradi wa HIGHWAY, uliowapelekea wavuvi utabiri wa upepo na mawimbi kwa redio na kwa simu, katika lugha wanazozielewa. Mvuvi aliyeambiwa jioni kwamba usiku kutakuwa na dhoruba ameokolewa bila mtu yeyote kuingia majini.

Hata hivyo jaribio jingine lilikuja tarehe 6 Novemba 2022, tena kutoka angani. Ndege ya abiria aina ya ATR 42, ikiwa na watu 43, ilianguka ziwani asubuhi, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 24 walitoka hai na 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Kwa mara nyingine wavuvi ndio waliofika kwanza, kwa mitumbwi ya makasia. Taarifa ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ilifika saa kadhaa baadaye. Ikaeleza tena kwamba kazi haikuweza kuendelea kwa sababu hewa katika mitungi ya wapiga mbizi haikutosha na boti ilikuwa na upungufu wa mafuta.

Askari hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo. Boti isiyo na mafuta ni pambo la gati. Kikosi kinaweza kuwa na jina, na bendera, na watu mashujaa walio tayari kuhatarisha maisha yao, na bado kikashindwa na mtungi ambao haukujazwa wiki iliyopita. Katika kazi ya uokoaji bohari ni sehemu ya mstari wa mbele, na anayekagua mitungi kila Jumatatu ameshiriki katika kuokoa maisha kama yule anayepiga mbizi.

Tukiziweka ajali hizi pamoja, ya 1996, ya 2018 Ukara, ya 2018 Mukono na ya 2022, tunaona mambo yanayojirudia.

La kwanza ni hesabu. Bila kujua idadi ya waliokuwemo, kamanda hajui aendelee kutafuta mpaka lini. Orodha ya abiria, au hata idadi yao tu, ni lazima ibaki nchi kavu kabla ya kamba kufunguliwa. Orodha inayosafiri na meli huzama na meli. Polisi wa bandari anayekataa chombo kisiondoke mpaka amekabidhiwa idadi hiyo hasumbui wananchi. Anafanya kazi ambayo siku moja mwenzake atamshukuru.

La pili ni mkono wa kwanza. Mara zote ulikuwa wa mvuvi, na itakuwa hivyo daima, kwa kuwa yeye yuko majini na kikosi kiko kambini. Mpango wowote unaoanza na boti ya serikali umeanzia hatua ya pili. Mvuvi afundishwe, apewe namba ya kupiga, ajue atamkabidhi nani uongozi kikosi kitakapofika. Lakini hapa lipo tatizo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Katika sehemu nyingi za ziwa mvuvi anaijua boti ya doria kama kitu cha kumkimbiza, kumnyang'anya nyavu na kumtoza faini. Kudhibiti uvuvi haramu ni wajibu wa dola, wala hatusemi uachwe. Tunasema kwamba mtu aliyezoea kuzima taa akisikia injini ya boti ya doria hataiwasha taa hiyo siku anapohitaji kuonekana.

La tatu ni mpaka. Kisiwa cha Migingo, mwamba usiofika hata ekari moja, kilizua mvutano mkubwa kati ya Kenya na Uganda, mpaka ikabidi mwaka 2009 nchi hizo zitume wapimaji wa pamoja. Mipaka ni jambo la heshima ya taifa, na askari huapa kuilinda. Lakini dhoruba haina pasi ya kusafiria. Mtumbwi uliopinduka upande mmoja huweza kukokotwa na upepo mpaka upande wa pili kabla ya kupambazuka. Kamanda wa upande mmoja akianza kuomba kibali cha kuingia maji ya jirani baada ya ajali kutokea, kibali hicho kitatolewa kwa ajili ya maiti. Kibali cha uokoaji hutolewa kabla, kwa maandishi, pamoja na mawimbi ya redio yatakayotumika, lugha itakayotumika, na jina la cheo cha anayeongoza. Kiswahili kiko tayari kwa kazi hiyo katika pande zote tatu.

La nne ni mazoezi. Majeshi yetu hufanya mazoezi ya vita ambavyo tunaomba visitokee. Ajali za ziwani, ambazo tuna hakika zitatokea, zinastahili mazoezi ya mara kwa mara, ya usiku na ya mchana, ya pamoja kati ya polisi, jeshi, zimamoto, bandari, hospitali na wavuvi, na angalau mara moja kwa mwaka pamoja na majirani. Zoezi ndilo linaloonyesha kwamba mtungi ni mtupu, kwamba redio ya kikosi hiki haisikilizani na ya kikosi kile, au kwamba maofisa wawili kila mmoja anajihesabu kuwa ndiye kamanda. Ni heri aibu hiyo ipatikane siku ya zoezi.

Jambo hili sasa lina uzito kuliko wakati wowote uliopita. MV Victoria ilifanyiwa matengenezo makubwa na kurudi kazini. Mwezi Februari 2023 meli mpya ya MV Mwanza ilishushwa majini, yenye uwezo wa kuchukua abiria 1,200 na shehena ya tani 400. Hiyo ni karibu mara tatu ya abiria wa MV Bukoba. Ni maendeleo, nasi tunayafurahia, maana ziwa lisilo na meli kubwa huwaachia wananchi mitumbwi. Lakini nchi inayounda meli ya watu 1,200 imechukua dhamana ya watu 1,200 katika usiku mmoja wa upepo.

Kwa hiyo kila kamanda wa kikosi kilichoko kando ya ziwa, awe Bukoba, Musoma, Kisumu au Entebbe, anaweza kujipima leo kwa maswali machache. Ikiwa chombo kitapinduka usiku huu karibu na mpaka, nani ataitwa kwanza, na namba yake iko wapi? Boti ina mafuta ya kufika na kurudi? Mitungi imejazwa lini? Yuko nani anayejua kwamba tumbo la meli inayoelea halitobolewi? Mwenye majibu ameandikiwa mpango. Asiye nayo bado ana muda wa kuyatafuta, kwa kuwa muda huo, tofauti na ule wa watu waliogonga chuma asubuhi ile ya Mei 1996, uko mikononi mwake.